Hema la Kusimika Haraka kwa Kambi za Kando ya Ziwa Victoria: Lipi Linunuliwe Kwanza

Jioni ya Mwanza haina subira. Jua huzama karibu na saa moja, na baada ya dakika kama ishirini giza huwa limekwisha kuingia, kwa sababu tuko takriban nyuzi 2.5 tu kusini mwa Ikweta na machweo ya huku ni mafupi. Mtu aliyechelewa kivuko cha kwenda Ukerewe, au aliyeondoka mjini alasiri kuelekea lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, hufika kambini akiwa amebana tochi kwa meno, na hapo ndipo hema la kusimika haraka linapoacha kuwa anasa.

Hata hivyo, dakika zinazoandikwa kwenye boksi la hema ni za kusimika peke yake, tena uwanjani, mchana, pasipo upepo. Haziuhesabu usiku wenyewe, wala asubuhi ya kukunja. Kwa hiyo nimeyapanga mahema haya kwa maswali matatu: je, litasimama dhoruba ya usiku ikitoka ziwani, je, mtu mmoja anaweza kulikunja bila msaada, na je, likivunjika fundi wa hapa Mwanza ataweza kulitengeneza.

Swali la kwanza lina uzito kuliko mengine, kwa kuwa ziwa hili lina hali yake ya hewa. Mchana upepo huvuma kutoka majini kuja nchi kavu. Usiku hugeuka, ukavuma kutoka nchi kavu kwenda majini, na pepo za pande zote zikikutana juu ya maji yaliyobaki na joto, mawingu ya radi huumuka. Ndiyo maana dhoruba za Ziwa Victoria hupiga zaidi usiku na alfajiri, wakati watu wamelala. Aliyeupa mgongo wa hema upepo wa jioni atashangaa usiku wa manane upepo ukimwingilia mlangoni. Hema linalofaa huku ni lile lenye kamba za kuvutia pande zote nne, wala si mbili za urembo.

Nafasi ya kwanza nalipa hema la mwavuli lenye matabaka mawili. Fito zake zimeunganishwa tayari kwenye kitovu kimoja cha juu. Unalitandaza chini, unainua kitovu au unavuta kamba yake, miguu inajinyoosha na kujifunga kwa mlio unaosikika, kisha unalivisha kifuniko cha mvua. Aliyezoea hatumii zaidi ya dakika tano, pamoja na vigingi. Ubora wake mkubwa ni kwamba hukunjwa kwa njia ileile lilivyofunguliwa, kinyumenyume, na hakuna ujuzi wa pekee unaotakiwa. Udhaifu wake uko kwenye kitovu. Ufito ukivunjika unaweza kubadilishwa kipande, lakini kitovu cha plastiki kikipasuka huna pa kukipata, kwa hiyo dukani kifungue na kukifunga mara kadhaa, ukiangalia kama viungo vyake vinacheza au vina nyufa nyembamba nyeupe. Zingatia pia matabaka mawili. Usiku wa ziwani una unyevu mwingi, na pumzi za watu wawili hugeuka matone kwenye kitambaa cha paa. Lenye tabaka moja hukudondoshea matone hayo usoni asubuhi, ukadhani linavuja, ilhali lenye matabaka mawili huyaacha yateremke kwenye kifuniko cha nje.

Nafasi ya pili ni hema la kawaida la kuba, lenye fito mbili zinazopishana. Wauzaji hawaliweki katika kundi la mahema ya haraka, lakini mimi naliweka, kwa sababu mtu aliyelisimika mara tatu hulimaliza kwa dakika kumi akiwa peke yake. Likifungwa huwa mzigo mdogo unaoingia chini ya kiti cha basi au unaofungwa nyuma ya bodaboda. Ufito ukivunjika, kipande cha bomba jembamba la alumini, lenye urefu wa kiganja, kikivishwa juu ya mpasuko na kufungwa kwa utepe kila upande, kitakufikisha nyumbani. Asiye na gari binafsi alisogeze hili hadi nafasi ya kwanza, nami sitabishana naye.

Nafasi ya tatu ni hema la kurusha, lile ambalo video zake ndizo zilizowaponza wengi. Ndani ya kitambaa mna pete za waya wa springi, au ufito mwembamba wa faibaglasi, zilizokunjwa kwa nguvu. Unafungua mkanda, unalitupa, linasimama kabla halijatulia chini. Ni kweli kabisa. Mimi pia nililinunua kwa sababu hiyo, na asubuhi yangu ya kwanza nalo, kwenye ufukwe wa Igombe, nilipambana nalo kwa zaidi ya nusu saa. Mama mmoja aliyekuwa anatandaza dagaa kwenye chanja alinitazama kwa muda. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza kwa upole: “Mwanangu, hilo unalikunja au mnapigana?”

Namna yenyewe ni hii. Ng’oa vigingi na fungua zipu zote ili hewa itoke. Kusanya pande za pete hadi hema lote liwe bapa, limelala kama kitabu kilichofungwa. Lisimamishe wima kwa ukingo wake, shika ncha ya juu, uisukume chini kuelekea mbele yako, huku ukiziacha pande mbili zitanuke zenyewe pasipo kuzibana. Pete zitajisokota kuwa duara mbili. Telezesha moja chini ya nyingine hadi zilaliane, kisha kaza mkanda kabla hujaachia mkono. Siri yote iko kwenye kule kuacha zitanuke. Anayezibana hulazimisha waya upande usio wake, nao ukishapinda mara moja hema halitasimama sawa tena. Fanya mazoezi uani mara tano kabla ya safari, na uhakikishe umelikunja, wala usiishie kulifungua.

Hema hilo likifungwa hubaki duara pana kama ungo mkubwa, jambo linaloudhi kwenye daladala. Mengi yana tabaka moja na kamba chache, na katika upepo mkali huinama kama kikapu. Nalipendekeza kwa familia inayotaka kivuli cha watoto ufukweni mchana, au kulala usiku mmoja katika kiangazi cha Juni hadi Agosti. Kwa masika ya Machi hadi Mei, hapana.

Mahema ya kupuliza kwa pampu na yale ya juu ya paa la gari nayaweka mwisho, kila moja kwa sababu yake. La kupuliza ni zito, na mwiba mmoja wa mgunga unaweza kukuharibia usiku, ingawa kiraka cha tyubu ya baiskeli huweza kusaidia. La juu ya gari ni zuri mno kwa anayekwenda Serengeti mara kwa mara, lakini bei yake huyapita yote niliyoyataja, na ukitaka kwenda kununua mkate lazima ukunje nyumba.

Ukishachagua aina, soma takwimu za lebo. Kinga ya maji huandikwa kwa milimita: 1,500 maana yake ni kwamba kitambaa kilipojaribiwa kilistahimili uzito wa maji yenye kimo hicho kabla ya kupenyeza. Kwa mvua za huku natafuta paa lisilopungua 2,000 na sakafu isiyopungua 3,000, kwa kuwa goti la mtu aliyepiga magoti husukuma maji kutoka ardhini kwa nguvu kuliko tone la mvua. Idadi ya watu ni takwimu ya kutiliwa shaka: “watu wanne” ni watu wanne waliopangwa kama dagaa, pasipo begi hata moja, kwa hiyo punguza mmoja. Kati ya poliesta na nailoni, kwa jua letu chukua poliesta, ambayo huvumilia jua zaidi na hailegei sana ikilowa.

Rangi nayo ina maana. Mitego ya mbung’o hutengenezwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi kwa sababu rangi hizo huwavutia, na mbung’o wapo upande wa magharibi wa Serengeti. Anayepanga kwenda huko achague kijani au rangi ya mchanga. Wavu wa madirisha uukague kwa macho ukiuelekeza kwenye mwanga. Tunalala katika ukanda wa malaria, na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopaa juu ya maji kama nguzo za moshi, hupita kwenye tundu lolote la zipu iliyoachia. Usiku zima taa kabla ya kufungua mlango, la sivyo utalala nao.

Anayenunua mtumba, kama wengi wetu tufanyavyo Mlango Mmoja, asikubali kuoneshwa hema likiwa kwenye mfuko wake. Omba lifunguliwe. Pitisha kidole upande wa ndani wa paa na wa sakafu: ukihisi kunata kama gundi ambayo haijakauka, au ukisikia harufu ya uchachu, utando wa poliyurethani unaozuia maji umekwisha kuoza kwa sababu hema lilihifadhiwa likiwa na unyevu, na hakuna ufuaji utakaourudisha. Kisha fuata mishono. Kwa ndani inapaswa kuwa imefunikwa na utepe mwembamba unaong’aa. Ukibanduka kidogo unaweza kuzibwa kwa gundi ya mishono, lakini ukiwa unachanika kama ganda la kitunguu, mrudishie muuzaji mali yake. Hesabu fito na vigingi mbele yake. Muuzaji atakwambia, “Kaka, hilo limetoka Ulaya, halina shida,” nawe uendelee kuhesabu.

Kusimika hema Mwanza kuna shida yake: hili ni jiji la miamba, na mahali pasipo na mwamba mara nyingi pana mchanga. Kwenye mwamba kigingi hakiingii, kwa hiyo funga kamba kwenye jiwe dogo, kisha weka jiwe zito mbele yake, upande wa hema, juu ya kamba. Upepo ukivuta, dogo hukwama nyuma ya kubwa. Funika kamba kwa kitambaa pale inapogusa jiwe, maana mwamba wetu hukata kamba kama msumeno. Kwenye mchanga jaza mfuko wa kitambaa mchanga, ufunge kamba katikati yake, uuzike kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, ukikingamisha mfuko dhidi ya mwelekeo wa kamba. Panapokubali vigingi, vipigie vikiwa vimeinamia mbali na hema. Turubai la kutandika chini liwe dogo kuliko sakafu kwa inchi kadhaa kila upande. Likizidi hukinga mvua na kuipeleka chini ya godoro.

Usipige hema karibu na maji, hata kama mandhari yanakuita. Kiboko hutoka usiku kula majani na hurudi kwa njia yake aliyoizoea, na mamba hahitaji maelezo. Waulize wavuvi wa mahali hapo, ambao wanazijua njia hizo. Ndani ya hifadhi, kama Rubondo, lala pale tu utakapooneshwa. Na mvua ikinyesha usiwahi kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema kwa ajili ya joto. Gesi yake ya sumu haina harufu, na huua aliyelala bila kumwamsha.

Kuhusu utunzaji, kubwa ni kukausha. Hema lililokunjwa na umande wa asubuhi lifunguliwe siku hiyohiyo ufikapo nyumbani, lianikwe kivulini penye upepo hadi mishono na mikanda ikauke, kwa maana kitambaa hukauka mapema na kukudanganya. Jua kali nalo hudhoofisha kitambaa, kwa hiyo usiliache limesimama uani wiki nzima watoto wakichezea. Uchafu utolewe kwa sponji, maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo. Sabuni ya unga na mashine ya kufulia huondoa kinga. Liweke stoo likiwa limelegea ndani ya gunia au foronya ya zamani, mbali na panya na mbali na mafuta ya taa. Mchanga wa ufukweni usuguliwe kutoka kwenye meno ya zipu kwa mswaki mkavu, kisha pitisha mshumaa juu yake. Zipu ikianza kufunguka nyuma ya kichwa chake, mara nyingi meno hayana kosa. Kichwa ndicho kilichotanuka, na koleo ikikibana taratibu kila upande, kidogo kidogo huku ukijaribu, itashika tena.