Binti yangu alitolewa jicho: maoni yangu kuhusu huduma tuliyopewa

Nilikaa karibu mwaka mzima kabla ya kuandika haya. Nayaandikia mzazi ambaye usiku wa leo ameshika fomu ya ridhaa na hajui aitie saini au akimbie na mtoto wake.

Yetu yalianza na picha. Taa ya simu ilipomulika, jicho la kulia la binti yangu lilionekana jekundu, la kushoto likang'aa jeupe. Alikuwa na miezi 20. Mhudumu wa kwanza alisema ni kengeza tu, litanyooka akikua. Halikunyooka. Madaktari ninaowazungumzia hapa walimpanua mboni kwa matone, wakamlaza kwa dawa ya usingizi na kumchunguza macho yote mawili. Jibu likawa retinoblastoma, saratani ya retina (utando wa ndani ya jicho, upande wa nyuma, unaopokea mwanga), na lile la kushoto lilikuwa limejaa uvimbe. Uoni wa kuokoa haukuwepo tena.

Nikauliza kwa nini wasichukue kwanza kipande kidogo wakapime, kama ilivyofanywa kwa mama yangu alipopata uvimbe wa titi. Daktari hakuniharakisha. Alichukua karatasi akachora. "Mama, uvimbe wote uko ndani ya jicho, na jicho limefungika. Nikilichoma sindano, chembe za saratani zinaweza kutoka na njia ile ile ya sindano. Kwa hiyo nalitoa zima, bila kulitoboa, pamoja na kipande kirefu cha mshipa wa fahamu nyuma yake, maana hiyo ndiyo njia yake ya kuelekea kwenye ubongo." Akanichorea misuli sita inayoligeuza jicho, akanionyesha atakapoikata. Kope zinabaki. Machozi yanabaki. Mimi nilikuwa nimewaza shimo usoni, na hakuna aliyekuwa amenieleza vinginevyo. Kwa karatasi ile peke yake nawashukuru mpaka leo.

Siku ya upasuaji walimchora alama juu ya nyusi ya kushoto, na kila aliyeingia aliniuliza upya ni jicho lipi. Mtaalamu wa usingizi alinitahadharisha kwamba misuli ya jicho ikivutwa, mapigo ya moyo huweza kupungua, na kwamba atakuwa akiyafuatilia muda wote. Jicho lilipotoka, palepale wakaweka tufe dogo mahali pake na kuishonea misuli, ili jicho la bandia lije kuwa na mwendo kidogo.

Sasa lawama yangu. Bandeji ilipofunguliwa, nilikuta kigamba cha plastiki kinachopitisha mwanga kama kioo, na nyuma yake nyama nyekundu, kama ndani ya shavu. Kigamba kile huwekwa ili tundu lihifadhi umbo lake wakati kidonda kinapona. Ni jambo la kawaida kabisa, lakini sikuambiwa. Nilirudi nyuma, na mwanangu akauona uso wangu. Hilo bado linaniuma. Dakika mbili za maelezo na picha moja zingetosha, na niliwaambia hivyo.

Majibu ya maabara yalichukua siku 12. Ncha ya mshipa ilikuwa safi, na saratani haikuwa imepenya kuta za jicho, kwa hiyo hakuhitaji dawa za saratani. Kwa kuwa saratani hii huweza kurithiwa, walitaka pia damu ya kupima vinasaba, na kaka yake mdogo akachunguzwa macho. Usiruke hatua hiyo hata kama umechoka.

Wiki ya saba tulikwenda kwa mtengenezaji wa macho ya bandia. Alichukua umbo la tundu, akatengeneza jicho la akriliki, akalipaka rangi kwa mkono huku akilitazama lile zima, mpaka vimishipa vyekundu vya pembeni. Mtoto akitazama mbali pembeni, utaona moja linachelewa. Akikutazama usoni huoni tofauti. Litahitaji kung'arishwa mara kwa mara, na jipya kila anapokua. Miwani ya kulikinga lile lililobaki huvaa kila siku, na hapo sibembelezwi.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano siwapi kwa sababu ya siku ile ya bandeji. Ukienda, omba uonyeshwe kigamba kabla.

Juzi alilitoa mwenyewe, akaja nalo kiganjani. "Mama, lina uchafu. Nioshee." Akasimama kando yangu kusubiri.