Seti ya vitendanishi vya kutambua amini za praimari
Seti hii ya kutambua amini za praimari (misombo ya kaboni yenye kundi la -NH2), niliyoinunulia maabara ya shule, imeniridhisha hasa kwenye jaribio la rangi ya azo (rangi kali inayotokana na amini zenye pete ya benzini): anilini, amini ya aina hiyo, niliyoiyeyusha katika asidi ya haidrokloriki, nikaipoza kwenye barafu hadi chini ya nyuzijoto 5, nikaitia sodiamu naitraiti na kuimimina kwenye naftoli-2 yenye alkali, ilitoa papo hapo mashapo ya rangi nyekundu ya chungwa. Butilamini, amini isiyo na pete hiyo, ilitoa mapovu ya naitrojeni tu. Kinachonisikitisha ni kwamba kijitabu chake kinaelekeza jaribio jingine la kutambua amini hizi, la klorofomu na potasi ya kileo (haidroksidi ya potasiamu katika alkoholi), bila kuonya kwamba isosayanidi inayotokea, yenye uvundo usiovumilika, ni sumu, ilhali wanaolifanya ni watoto wetu.