Undertale: gemu la kuvunja mbavu ambalo unaweza kulimaliza bila kuua hata mmoja

Magemu mengi ya mapanga na uchawi huweka vichekesho pembeni. Muuza duka anatoa mzaha mmoja, unatabasamu, halafu unarudi zako kuua. Undertale si hivyo. Humu mzaha uko ndani ya pambano lenyewe, na ukiuelewa vizuri mnaachana salama. Sijaona gemu jingine la kishujaa lililonichekesha hivi na wakati huohuo kunifanya nimjali kila niliyekutana naye njiani.

Lilitoka Septemba 2015, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya mtu mmoja, Mmarekani Toby Fox. Yeye ndiye aliyeandika hadithi na kutunga muziki, na Temmie Chang akachora mengi ya yale tunayoyaona. Mwaka 2013 Fox aliomba dola 5,000 kwa wachangiaji wa mtandaoni, akapata zaidi ya dola 51,000. Michoro yake ni ya vidoti, ya kizamani, na mapambano karibu yote ni nyeupe juu ya nyeusi. Mtu akilitazama kwa mbali anaweza kulipita. Asilipite.

Hadithi inasema zamani binadamu na mazimwi walipigana, mazimwi wakashindwa, wakafungiwa chini ya ardhi kwa kizuizi cha uchawi. Wewe ni mtoto aliyetumbukia huko na unatafuta njia ya kutoka. Wa kwanza kukupokea ni ua lenye tabasamu, Flowey, linalokurushia punje nyeupe na kukuambia ni za urafiki, ukusanye nyingi uwezavyo. Ukigusa moja tu, uhai wako unashuka hadi chembe ya mwisho. Gemu limeanza dakika chache tu zilizopita na tayari umeshachezewa shere!

Mapambano ni ya zamu. Zamu yako ikifika unachagua kupigana, kutenda, kutumia kitu ulichobeba au kuhurumia. Zamu ya zimwi ikifika, unaongoza moyo mdogo mwekundu ndani ya kisanduku na kukwepa kila linachokurushia. Utamu wenyewe uko kwenye kutenda, kwa sababu kila zimwi lina lake moyoni na ni juu yako kulijua. Snowdrake ni kijana anayetaka kuwa mchekeshaji: subiri atoe kichekesho chake, kisha cheka, na ugomvi umekwisha. Ice Cap anajivunia kofia yake kupita kiasi, kwa hiyo dawa yake ni kujifanya hujaiona. Aaron anatunisha misuli. Nawe ukitunisha, naye anazidisha, mwishowe anajitunisha mpaka anatoka nje ya pambano. Kuna mbwa mlinzi ambaye kila ukimpapasa shingo yake inarefuka. Ukiendelea inapanda hadi juu ya kioo, na gemu linakuandikia sentensi mpya kila mara, kana kwamba mwandishi alijua kabisa kwamba hutaacha.

Lakini anayelibeba gemu hili, kwangu mimi, ni Papyrus. Ni mifupa mitupu, mrefu, ana sauti ya juu na majivuno tele, na ndoto yake ni kuingia katika kikosi cha walinzi wa mfalme. Ili akubaliwe lazima akamate binadamu, yaani wewe, kwa hiyo ametega mitego njia nzima kwenye theluji. Mmoja ni uwanja wenye kuta za umeme zisizoonekana. Papyrus anakueleza kwa fahari kwamba ukigusa ukuta, tufe fulani litakupiga shoti. Unapiga hatua, unagusa, na anayepigwa shoti ni yeye, kwa kuwa tufe analo mkononi mwake. Kaka yake Sans anamweleza taratibu kwamba binadamu ndiye anayepaswa kulishika. Basi Papyrus anakatiza uwanja mzima kuja kukukabidhi tufe, anarudi alikotoka, na nyayo zake zinabaki kwenye theluji zikionyesha njia sahihi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilicheka mpaka machozi. Kisha linakuja pambano lake la kweli, kitufe cha kupigana kipo palepale, na mkono hauendi.

Hapo ndipo ninapompa Fox heshima yangu yote. Magemu ya aina hii yametuzoesha kuhesabu kila kiumbe kama pointi za kukuza nguvu. Hapa pointi hizo zipo, na ukiua unazipata, lakini mbele utaambiwa zina maana gani hasa, na si maana uliyoizoea. Tena gemu lina kumbukumbu. Ukiua mtu, ukajuta, ukarudi nyuma ulipohifadhi na kumwacha hai, yupo atakayekuambia kwamba anajua ulichofanya. Nilisisimka mwili.

Muziki nao usipuuzwe. Kila mhusika mkubwa ana wimbo wake, na vipande vya wimbo mmoja vinajitokeza ndani ya mwingine, hivi kwamba huzuni ya mwanzoni unaisikia tena kwenye pambano la mwisho.

Kasoro zipo. Eneo la Hotland linajivuta, na simu za Alphys, mwanasayansi wa mfalme, zinakatiza mwendo mara nyingi mno. Kukwepa risasi kunahitaji vidole vyepesi. Asiyezoea atakufa sana, hasa akichagua njia ya kuua wote, ambayo bosi wake wa mwisho ni balaa. Pia kila kitu ni kusoma na Kiswahili hakimo, kwa hiyo mwenye Kiingereza chepesi atapitwa na vichekesho vingi vya Sans. Hata hivyo matendo ya Papyrus na yule mbwa hayahitaji lugha.

Linapatikana kwenye kompyuta, PlayStation 4, Switch na Xbox. Halihitaji mashine yenye nguvu, na mzunguko mmoja unaisha ndani ya wikendi. Ushauri wangu kwa anayeanza: usitafute video zake wala usiulize linaishaje. Na kule mwanzoni kabisa, kwenye magofu, utakuta tando za buibui wanaouza donati ili kuwachangia buibui wenzao. Toa sarafu zako, nunua moja, na usiile mpaka ufike mbali.