Uchambuzi: Askari wa Milimita 6 na Pakiti ya Karata, kwa Anayecheza Vita Peke Yake

Habari zenu watazamaji, karibuni mezani. Leo, kama kawaida yangu, sina mpinzani, na ndiyo sababu ya video hii. Ukicheza vita vya karne ya 19 mezani kwa sanamu ndogo za askari, tena peke yako, ununue askari wa ukubwa gani? Hapa kushoto nina pakiti ya askari wenye urefu wa milimita 28, na kulia wa milimita 6. Jibu ninalo, ila linapitia kwenye karata hizi za kawaida.

Tuanze na wakubwa. Ngoja nimsogeze mmoja karibu na kamera. Mnaona vifungo vya koti, mnaona mkanda wa risasi, hata masharubu. Ni kazi nzuri. Kumpaka rangi mmoja kunanichukua jioni nzima, na jioni hiyo naipenda. Lakini mimi nilitaka kucheza vita ya Adwa, Waitalia dhidi ya Waethiopia, tarehe 1 Machi 1896. Jenerali Baratieri wa Italia alikuwa na watu kama 17,000, na Menelik wa Pili, mfalme wa Ethiopia, kama 100,000. Sasa tuseme askari mmoja wa mezani anasimama badala ya watu 100. Waitalia 170, Waethiopia 1,000. Elfu moja wa milimita 28! Hata kama ningewamaliza kuwapaka rangi, wangefunika meza yote, milima na mabonde yasionekane. Na Adwa bila milima si Adwa.

Haya, wadogo. Kitako hiki, yaani kipande cha kusimamishia askari, kina milimita 60 kwa 30, nimebandika askari 24 juu yake. Vitako 42 tu na jeshi zima la Menelik liko mezani. Rudi nyuma hatua mbili: humwoni mtu mmojammoja, unauona umati wa shuka nyeupe ukishuka mlimani. Moyo wangu ulishtuka mara ya kwanza nilipouona. Kwenye rangi usihangaike na macho wala vifungo: nyeusi kwanza, nyeupe juu yake, halafu ncha ya brashi kwa nyuso na mikono, basi. Kasoro ipo. Singe za bunduki ni nyembamba mno. Kwenye pakiti yangu saba zilikuja zimepinda, na mbili zikakatika nilipojaribu kuzinyoosha.

Sasa tufike penye ugumu wenyewe. Ukicheza peke yako, wewe ni Menelik na wewe ni Baratieri. Unajua yote. Na Waitalia waliangamia Adwa kwa kutojua. Usiku ule brigedi za Albertone, Arimondi na Dabormida ziliondoka kwa njia tatu, Ellena akifuata nyuma kama akiba. Mchoro wa ramani waliopewa ulikosewa: kilima kilichoandikwa Kidane Mehret hakikuwa chenyewe. Albertone akaendelea hadi penye jina hilo kwa kweli, kilomita kadhaa mbele ya wenzake, na huko alfajiri akakutana na jeshi la Ethiopia akiwa peke yake. Wewe ukiwaendesha Waitalia kwa mkono wako, hutampeleka kule hata siku moja. Mkono wako unaijua hatari.

Waprusia, Wajerumani wa zamani, waliliona tatizo hili mapema. Katika mchezo wa kufundishia maofisa alioutoa luteni Reisswitz mwaka 1824, pande mbili ziliandika amri zao, na mwamuzi ndiye aliyejua nani yuko wapi. Mimi mwamuzi sina. Kazi yake nimezipa karata.

Mimi naongoza Waethiopia; Waitalia ni vibao sita vya mbao, vimelala kifudifudi nisijue kipi ni kipi. Vinne vina majina ya brigedi, viwili ni vitupu. Kila zamu navuta karata moja kwa kila kibao. Kopa: kinafuata amri. Uru: kinapotelea kushoto. Pau: njia imeziba, kinasimama. Shupaza: kimepitiliza, na namba ya karata ndiyo sentimita za kupitiliza. Sikifunui mpaka askari wangu wafike umbali wa kuona. Zaidi ya hapo, chakula cha jeshi la Menelik kilikuwa kinakaribia kuisha, kwa hiyo nimejipa zamu 12 tu.

Nimecheza mara sita. Mara moja aliyepotea alikuwa Dabormida, nikamzingira bondeni. Mara mbili Waitalia walibaki pamoja kileleni, nikashambulia mara tatu na mizinga yao ikanirudisha mara tatu. Mchezo mmoja niliwatupa watu wa Ras Makonnen, kamanda wa Menelik, wote juu ya kibao kitupu. Hapo nilikaa kimya kidogo. Kwa mara ya kwanza peke yangu mezani, nilikuwa nimedanganywa.

Msiwatupe wakubwa, lakini. Vita ya Rorke's Drift ya Januari 1879, Waingereza dhidi ya Wazulu, ilikuwa na watetezi kama 150 tu nyuma ya magunia ya mahindi na maboksi ya biskuti. Hapo kila mtu anaweza kuwa na sanamu yake, na anayeshambulia ana nia moja, kuingia ndani, kwa hiyo hata dadu moja inatosha kumwendesha. Kwa vita vya namna hiyo ningechukua milimita 28 bila kusita. Kwa vita vya majeshi yanayotafutana gizani, chukua milimita 6, na uchonge vibao vyako kabla hujanunua hata askari mmoja.

Zamu ya nne hii, tucheze pamoja. Kibao cha tatu... shupaza, tisa. Sentimita tisa mbele, hadi chini kabisa ya kilima cha Ras Alula, kamanda wangu mwingine. Sasa naruhusiwa kukifunua. Arimondi.