Kushuka melini na watoto wadogo: siku zetu tatu Roatán, Belize na Cozumel

Kuna jambo hakuna aliyeniambia kabla sijalipa: mtoto wa pampasi haingii kwenye bwawa la meli. Hata zile pampasi maalumu za majini hazisaidii. Ni sharti la afya la Marekani kwa meli zinazotumia bandari zake, na kama meli haina kidimbwi kilichotengwa kwa watoto hao, basi ndiyo imetoka hiyo. Meli yetu haikuwa nacho. Mdogo wetu ana mwaka mmoja na miezi minane. Siku mbili nzima katikati ya Ghuba ya Mexico alisimama ukingoni akiwatazama watoto wa wenzake wakirukaruka majini, akalia kama aliyefiwa.

Kwa hiyo zile siku tatu za bandarini ndizo zilizobeba safari yote. Nazieleza kwa kirefu kwa sababu nilipokuwa napanga sikupata mtu wa kwetu aliyeandika habari hizi. Wengi wanasifia chakula cha melini tu.

Sisi tunaishi Houston, Texas. Tulichagua meli inayoondokea bandari ya Galveston kwa sababu tunafika kwa gari letu wenyewe, hakuna habari ya ndege na watoto wawili. Ilikuwa Januari, siku 7: Jumapili tunang'oa nanga, Jumatano Roatán (kisiwa cha Honduras), Alhamisi Belize City (nchini Belize), Ijumaa Cozumel (kisiwa cha Mexico), Jumapili nyumbani. Mume wangu, binti wa miaka 4, huyo mdogo, na mimi. Sisi wazazi wote wawili tumezaliwa Tanga, kwa hiyo bahari si kitu cha kutushangaza. Kilichotutia wasiwasi ni saa.

Maana meli ina kanuni yake. Ukinunua matembezi ya bandarini kwa kampuni ya meli, basi lenu likichelewa meli inawangoja. Ukijipangia mwenyewe ukachelewa, inaondoka, nawe unabaki gatini unapunga mkono. Ndiyo sababu watoto tuliwakatia pasipoti, ingawa kwa raia wa Marekani cheti cha kuzaliwa kinatosha kwa safari inayoanza na kuishia bandari ileile. Ukiachwa Honduras, cheti hakitakupandisha ndege.

Roatán tulijipangia wenyewe. Matembezi yanayouzwa na meli yalikuwa dola 89 kwa kila kichwa, na huyo wa miaka 4 alihesabiwa kichwa. Nikapata dereva kwa mawasiliano ya intaneti: dola 140 gari zima kwa muda wa saa sita, analipwa mwisho tukishafikishwa gatini salama. Hilo la kulipa mwisho ndilo lililonishawishi. Nilimuuliza kama ana kiti cha mtoto cha gari, akajibu hana na hajui wa kumwazima. Tukabeba chetu kutoka nyumbani, tukakipandisha melini kama sanduku la nne. Watu walitucheka kwenye lifti. Barabara za Roatán zina milima na kona kali, na baada ya kona ya tatu sikujutia uzito wake hata kidogo.

Ratiba yote niliijenga juu ya usingizi wa mdogo, na hili ndilo ningemwambia mama yeyote. Usianze kwa kuuliza kuna nini cha kuona. Anza na saa ambayo mtoto hulala, halafu upange safari ndefu ya gari iangukie hapo. Saa mbili na nusu asubuhi tulishatoka bandarini. Njiani dereva alisimama kutununulia kifungua kinywa kinachoitwa baleada. Ni chapati. Chapati nene kidogo ya ngano, imekunjwa, ndani maharage ya kupondwa na jibini. Binti yangu, ambaye melini alikuwa anakataa kila kitu isipokuwa chipsi, alikula mbili.

Kufika West Bay pwani ilikuwa bado tupu. Mchanga mweupe, maji ya magotini kwa hatua nyingi kabla hayajakuwa na kina, na matumbawe yako karibu kiasi kwamba mume wangu alivaa miwani ya kuzamia akaona samaki huku nikimsikia anavyopumua. Mwamba huo ni sehemu ya ule mkubwa unaoshuka kutoka Mexico mpaka Honduras, takriban kilomita 1,000. Mdogo alikaa majini mpaka vidole vikakunjamana. Saa nne na nusu watu wa meli walianza kumiminika kwa mabasi, nasi tukawa tunafuta miguu mchanga.

Hapo dereva akauliza kama tungependa kuona kwao. Yeye ni Mgarifuna wa Punta Gorda, upande wa kaskazini, mbali kidogo. Watoto wote wawili walikuwa wameshaanza kusinzia, nikasema twende. Walilala njia nzima. Akatueleza njiani: Wagarifuna ni wazao wa Waafrika na wenyeji wa asili wa kisiwa cha St Vincent. Waingereza waliwafukuza huko, na mwezi Aprili 1797 wakawashusha hapa Roatán. Kila tarehe 12 Aprili wanaikumbuka siku hiyo. Tulipofika mama mmoja alitusalimu "buiti binafi," yaani habari za asubuhi kwa lugha yao, na mume wangu akaninong'oneza, "Anataka mazungumzo binafsi."

Mama huyo alitupikia hudut. Samaki ndani ya tui la nazi, pembeni ndizi zilizotwangwa kwenye kinu mpaka zikawa bonge laini. Sasa wewe fikiria watu wa Tanga, siku ya nne wanakula chakula cha meli, wanaletewa samaki wa nazi. Baba watoto hakusema neno mpaka sahani ikaisha. Mimi nilikwenda jikoni kuangalia. Kinu kile kingekuwa Pangani usingekitofautisha, ila muhogo wanaukwaruza kwenye kibao kilichopachikwa vijiwe vidogo vikali, nao hawaijui mbuzi yetu ya kukunia nazi. Nilimwonyesha kwa mikono jinsi tunavyoikalia, akacheka akaita wenzake nirudie.

Mahali pamoja tu sikupapenda siku hiyo. Dereva alitupitisha kwenye bustani ya wanyama ambako wanamtoa mtini slothi, yule mnyama anayesogea polepole mno, anapitishwa mkono kwa mkono watu wapigwe picha. Binti alitaka. Nilikataa, tukamtazama juu ya mti kutoka mbali, na alinuna kama dakika kumi. Saa nane na robo tulikuwa gatini. Dereva nilimwongezea dola 20.

Belize ndiyo siku ninayoilalamikia, na ndiyo tuliyonunua kwa kampuni ya meli. Nilijiambia angalau moja tuwe na uhakika nayo.

Kwanza, Belize City meli kubwa haifungi gati. Maji ya pwani ni mafupi, kwa hiyo inatia nanga mbali na abiria mnachukuliwa kwa mashua, zaidi ya dakika 20 kila upande. Hilo liliandikwa, sikatai. Ambacho hakikuandikwa ni kwamba zile "saa nne" za matembezi hazikuhesabu mashua wala foleni ya kuingoja. Kigari cha mtoto unakikunja, unakishika mkono mmoja, mtoto mkono wa pili, begi mgongoni, na unashuka ngazi kuelekea chombo kinachopanda na kushuka na wimbi. Baharia alimdaka binti yangu kwa ustadi mkubwa. Mimi nilimeza mate.

Halafu basi. Tulikuwa tunakwenda Altun Ha, magofu ya Wamaya, wenyeji wa kale wa huko, karibu kilomita 50 kaskazini mwa mji. Saa nzima ya barabara, hakuna choo ndani ya basi. Maelezo ya tovuti yalikuwa na alama ya "rahisi, inafaa familia." Inafaa familia ya nani? Mdogo alilia kuanzia nusu ya njia. Tulipofika, njia ilikuwa nyasi na kokoto, kigari hakikusukumika hata hatua kumi. Nikakiacha ndani ya basi, nikatoa khanga begini, nikambeba mgongoni. Alilala pale pale. Mzee mmoja Mmarekani aliniomba nimwonyeshe fundo, nikamwambia siri yake ni kwamba hakuna siri.

Magofu yenyewe ni mazuri kwelikweli, sitaki kuyaonea. Hekalu lake kubwa ndilo lililochorwa kwenye chupa za bia ya Belikin, na mwaka 1968 humo ndani kilifukuliwa kichwa cha mungu wa jua kilichochongwa kwa kipande kimoja cha jedi, jiwe la kijani la thamani, uzito zaidi ya kilo 4. Mwongozaji alieleza habari ya kichwa hicho vizuri sana, kwa dakika 20, juani. Kichwa chenyewe hakipo pale. Mtoto wa miaka 4 hana haja na kitu ambacho hakipo. Binti alipanda ngazi na baba yake, akafika juu, akatupungia, akashuka akisema anataka chooni. Basi likasubiri watu wanunue sanamu za mbao kwa dakika 40.

Nilipeleka malalamiko dawati la matembezi usiku ule. Walinijazisha fomu, wakanirudishia dola 40 za kutumia melini. Nilichokuwa nataka ni waiondoe ile alama ya familia, na nilipoangalia wiki iliyopita ilikuwa bado ipo. Familia tuliyokuwa tunakula nayo meza moja ilikwenda Belize Zoo, ambako kuna wanyama wa nchi hiyo tu, wengi wameokolewa, na njia zina kivuli cha miti. Watoto wao walirudi wakisimulia chui wa kule anayeitwa jagwa. Wetu walirudi na alama za mbu.

Cozumel hatukununua chochote kabla. Tulishuka, tukafuata mstari wa teksi ambako nauli zimeandikwa ubaoni, tukasema tunataka pwani tulivu ya upande wa magharibi. Upande wa mashariki unapendeza kwa macho lakini mawimbi yanavuta, usipeleke mtoto. Vilabu vingi vya pwani vinakuuzia kifurushi cha siku nzima chenye vinywaji vyote, na bei hiyo imebeba tequila. Sisi hatunywi pombe, sioni kwa nini nimlipie jirani. Tukatafuta kile kinachotoza kiingilio kidogo na chakula unaagiza mwenyewe. Kwa kivuli, samaki wa kukaanga, wali na maji ya matunda, siku nzima ilitugharimu dola 74 na teksi ndani yake. Uliza mapema kama pa kuingilia majini pana mchanga, maana sehemu nyingi za ufuko huo ni mwamba mkali, na wavishe watoto fulana za mikono mirefu za kuogelea badala ya kuwapaka mafuta ya jua mwili mzima. Yale mafuta ya kawaida yanadhuru matumbawe.

Kwa muda wa saa tano mdogo alikaa kwenye shimo alilochimba, maji yanaingia, anayachota, yanaingia tena. Hakudai kingine.

Kisha ikatokea ile ya saa. Mwisho wa kurudi melini ulikuwa saa tisa na nusu alasiri. Mume wangu akatazama simu: saa tisa na dakika thelathini na tano. Rangi ilimtoka. "Mama watoto, tumeachwa!" Tulikusanya kila kitu kwa mkupuo mmoja, kiatu cha binti kikabaki mchangani, teksi ikakimbizwa, nikawa nasoma dua kwa sauti. Gatini tukakimbia na watoto mabegani mpaka kwa mlinzi, akatutazama kwa huruma akanyoosha kidole kwenye ubao wa meli. Saa tisa kasoro dakika tano.

Kumbe jimbo la Quintana Roo, ambamo Cozumel imo, tangu mwaka 2015 halibadilishi saa kwa msimu, na Januari liko saa moja mbele ya Texas. Simu ilikamata mtandao wa Mexico ikajisogeza yenyewe. Meli ilikuwa bado na saa ya Galveston. Wakati wa kiangazi Texas husogeza saa mbele na saa hizo zinalingana, ndiyo maana shemeji yangu aliyekwenda Julai hakutuambia.

Tulikaa gatini, tukanunua barafu za matunda, binti mguu mmoja mtupu. Baba watoto sasa anavaa saa ya mkononi.