Kateta yenye kibanio cha usalama: nilivyoiona wodini Lubumbashi

Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku hapa Lubumbashi, mara wodi ya watoto, mara kwa wakina mama waliojifungua. Tangu maduka ya dawa ya mjini yaanze kuuza kateta (mrija mwembamba wa plastiki wenye sindano ndani, wa kupitishia dawa na serumu mshipani) zenye kibanio cha usalama, familia zinanijia na karatasi ya daktari mkononi: "Mama, tununue hii ya bei juu ao ile ya kawaida?" Kwetu mara nyingi familia ndiyo inayokwenda kununua kateta, mpira wa serumu na hata glavu, kwa hiyo swali si la bure. Jibu langu liko wazi: kibanio ni kizuri, ila kinanilinda mimi, si mgonjwa. Pesa ikitosha kuongeza kitu kimoja tu, ongezeni plasta ya plastiki inayoonyesha ngozi.

Nianze na kibanio chenyewe. Kwa nje kateta hii haina tofauti kubwa na ile ya zamani. Unachoma kwa kuilaza, damu inaonekana kwenye kichumba cha nyuma, unailaza zaidi, unasogeza kidogo, kisha unasukuma mrija wa plastiki peke yake huku sindano imetulia. Tofauti inakuja wakati wa kuchomoa: kibanio kidogo cha chuma kilichojificha ndani ya shina la kateta (sehemu ya nyuma unayoishika) kinaruka na kuikumbatia ncha. Hakuna cha kubonyeza wala kukumbuka. Saa tisa ya usiku, umeme umekatika na shangazi wa mtoto anakumulikia kwa tochi ya simu, hilo si jambo dogo. Kinachonitisha mimi ni homa ya ini B kuliko UKIMWI: mtu ambaye hakuchanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa hiyo, hatari ya kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30, wakati ya virusi vya UKIMWI ni karibu asilimia 0.3. (Chanjo ya homa ya ini B ipo. Wenzangu ambao hamjaichoma, sijui mnangoja nini.)

Kasoro ya kwanza: sindano inapotoka unasikia inakwama kidogo, ni kibanio kinaachia shina. Wanafunzi wanadhani kateta imenasa, wanavuta kwa nguvu na mrija unatoka nao. Shika shina kwa vidole viwili, vuta sindano moja kwa moja bila kuipinda. Na msirudishe kamwe sindano ndani ya mrija ulio mshipani kwa kujaribu bahati. Inaweza kuukata na kipande kikaenda na damu. Ukikosa, toa vyote, chukua mpya, sehemu nyingine. Ukikosa mara mbili, muite mwenzako. Mgonjwa si ubao wa kujifunzia.

Kasoro ya pili inauma mfukoni. Aina niliyopata haina kile kidirisha cha juu chenye kofia ya rangi, ambacho wengi wetu tumezoea kupitishia dawa. Inabidi kununua kando robine ya njia tatu, kiungio cha kufungua na kufunga unachopitishia dawa. Kwa mtoto mwenye malaria kali, anayechomwa artesunate saa ya kwanza, kisha baada ya saa 12, kisha saa 24, robine hiyo inarahisisha kazi, na baada ya kila dawa unasafisha mrija kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ili damu isigande ndani. Lakini waambieni familia mapema, wasirudishwe dukani usiku.

Kuhusu rangi, ambayo inaonyesha unene wa kateta, dukani msikubali "zote ni sawa". Njano ni ya watoto wadogo, bluu ni ya mishipa myembamba, waridi ndiyo ya kazi nyingi za watu wazima, kijani ni ya damu na upasuaji. Mama anayevuja damu baada ya kuzaa anahitaji kijani au kijivu: ya kijani inapitisha karibu mililita 90 kwa dakika, ya bluu haifiki nusu ya hapo.

Sasa plasta. Sparadra nyeupe, ile plasta ya utepe tunayoizungusha mpaka mkono unakuwa bandeji nzima inashika vizuri, lakini inaficha kila kitu. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, jasho na vumbi jekundu vinaingia chini yake, na mtu wa kwanza kujua kwamba mshipa umewaka ni mgonjwa mwenyewe: "Mama, mukono inaungua." Kwa plasta angavu naona kwa macho, bila kufungua: ngozi nyekundu, uvimbe, tone la usaha. Naandika tarehe na saa pembeni. Plasta hiyo inaweza kukaa mpaka siku 7 ikiwa kavu na imeshika. Ikilowa au ikiinuka pembe moja tu, nabadilisha. Gazi na sparadra hazipiti siku 2.

Hapa wazee wa kazi watanibishia, maana walifundishwa kutoa kateta kila siku ya tatu hata kama haina kosa. Utafiti wa Australia uliotoka kwenye jarida la tiba The Lancet mwaka 2012 ulifuata wagonjwa 3,283: waliobadilishiwa kwa ratiba na waliobadilishiwa pale tu palipokuwa na sababu, mshipa uliwaka kwa asilimia 7 pande zote mbili. Lakini kuiacha kunadai kuiangalia kila zamu, na chini ya sparadra nyeupe huangalii chochote. Kateta iliyowekwa kwa haraka ya dharura, bila usafi wa kutosha, hiyo itolewe ndani ya saa 48. Na isiyo na kazi tena itolewe leo. Tuna wagonjwa wanaongoja kurudi nyumbani na kateta mkononi, eti "tuiache tu, labda docta atataka".

Plasta ina ubaya wake: haishiki juu ya ngozi yenye alkoli ambayo haijakauka. Ngoja sekunde 30, usipepee wala kupuliza kwa mdomo. Mwezi wa sita na wa saba, baridi inapokaza mishipa, naanza kwa kufunika mkono wa mgonjwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, halafu naukausha vizuri.

Ninachowadai wauzaji ni rangi. Za kijani na waridi zenye kibanio zinapatikana. Za njano ni adimu, wakati watoto ndio wanaorusha mikono na kutuchomesha. Leteni za njano.