Video ya maghorofa ya New York inayouzwa Tabora: sauti tamu, hesabu mbovu

Kwenye vibanda vya kuingiza muvi karibu na stendi ya Tabora kuna video inayotembea sana: saa moja na ushee, imesimuliwa kwa Kiswahili, ikidai maghorofa yaliyoanguka New York Septemba 11, 2001, siku ndege mbili zilipogonga minara pacha, yalilipuliwa kwa baruti kutoka ndani, kwa kuwa eti moto hauwezi kuangusha jengo la chuma. Unawekewa kwenye flashi kwa shilingi elfu moja. Picha iko safi, inacheza hata kwenye deki ya zamani, na msimulizi anajua kazi yake. Shida ni chuma chenyewe.

Hoja inayorudiwa kila mara ni kwamba mafuta ya ndege, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa, hayafikishi nyuzi 1,500 za kuyeyusha chuma. Kweli kabisa, na haisaidii kitu, maana hakuna mhandisi anayesema kiliyeyuka. Chuma cha ujenzi kikifika nyuzi 600 hivi kimebakiza kama nusu ya nguvu zake, na moto wa ofisini hufika 1,000. Asiyeamini apite kwa mhunzi: nondo ya milimita 12 ikishakuwa nyekundu inakunjwa kwa nyundo bila tone kudondoka. Mafuta yaliisha ndani ya dakika chache. Kilichoendelea kuwaka ni karatasi, meza na mazulia, tena kwenye chuma ambacho plasta yake ya kukinga moto ilishapukutishwa na ndege. Sakafu zikalegea, zikavuta nguzo za nje kuelekea ndani. Mnara wa kaskazini, upande wa kusini, nguzo zilikuwa zimepinda kama sentimita 140 dakika chache kabla haujaanguka saa 4:28 asubuhi kwa saa za kule. Picha zake zipo. Kwenye video hii hazimo.

Jengo namba 7, jirani wa minara hiyo, la ghorofa 47, ndilo lililokatwa kijanja zaidi. Kipande kinaanza kuta zikiwa tayari zinashuka. Kwenye picha isiyokatwa, kibanda cha mitambo juu ya paa upande wa mashariki kinazama kwanza, sekunde kadhaa kabla, yaani ndani kulishaachia. Ripoti ya 2008 ya NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya serikali ya Marekani, inaeleza sababu: moto uliwaka kwa muda wa karibu saa saba bila maji, boriti za sakafu zikarefuka. Piga hesabu mwenyewe: boriti ya mita 15, joto likipanda nyuzi 400, mara 0.000012 (kiasi ambacho chuma hurefuka kwa kila nyuzi moja), unapata sentimita 7.2. Boriti kuu ilisukumwa ikatoka kwenye kikalio chake, nguzo namba 79 ikabaki bila wa kuishika. Mafundi reli wa Tabora hawahitaji ripoti kwa hili. Mwanya kwenye viungo vya reli wanauacha kwa sababu hiyohiyo, na hapo ni jua tu.

Msimulizi anaposema jengo hilo lilishuka kwa muda bila kizuizi, hajakosea. Ni sekunde 2.25, NIST wameandika. Ila kufikia hapo nguzo za nje zilishajikunja na ndani hamkuwa na cha kuzibeba.

Kisha anauleta mnara wa Windsor, Madrid, 2005: uliwaka usiku kucha na haukuanguka! Uliobaki umesimama ni moyo wa zege. Chuma cha pembeni kwenye ghorofa za juu kiliporomoka, na ukisimamisha picha utakiona kinaning'inia. Jengo la Plasco la Tehran, lililoanguka kwa moto Januari 2017 bila ndege wala vita, halitajwi hata kwa bahati mbaya.

Nyota mbili kati ya tano, zote za sauti na picha. Ukitaka kuitumia darasani kwa wanafunzi wa ufundi, sehemu ya Madrid inafaa: zima sauti, simamisha picha, waulize kipi ni zege na kipi ni chuma.